Jina la utingo

Kila Julai 25, mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Mwanza hutoa sandukuni shati lake jeupe la mikono mirefu, akalipiga pasi ya mkaa mwenyewe, akalivaa na kufunga vifungo vyote hadi cha shingoni, kisha akakaa barazani na redio magotini. Redio inarusha maadhimisho ya Siku ya Mashujaa kutoka Dodoma. Ukipita wakati huo ukampa shikamoo, ataitikia kwa kuinua mkono tu, maana masikio yake yako kwenye gwaride. Tarumbeta inapolia na mtangazaji akanyamaza, mzee huiweka redio chini, husimama, hunyoosha mikono ubavuni na kutazama mbele. Mjukuu wake wa darasa la pili husimama naye. Vijana wa bodaboda kwenye kijiwe cha jirani huzima pikipiki zao.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa ni mwanajeshi mstaafu. Mtaa mzima uliamini hivyo. Siku moja nikamuuliza alikuwa kikosi gani.

"Mimi sikuwa askari, mwanangu," akasema. "Nilikuwa dereva wa lori la tani saba. Lori lilikwenda vitani, nami nikaenda nalo."

Akanyamaza kidogo, akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya: "Mimi na utingo wangu."

Lori lililokwenda vitani

Watu wa umri wangu wanaikumbuka habari ya vita vya Kagera. Watoto wetu wanaijua kwa mistari michache ya kitabu cha historia, kwa hiyo nitairudia kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaingia katika mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, yakateka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Amin akatangaza kuwa ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Askari wake waliua raia, wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari cha Kagera, na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa ili jeshi letu lisivuke.

Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Maneno matatu ya hotuba ile, uwezo, sababu na nia, hadi leo yanatajwa na wazee kama watu wanavyotaja shahada. Kilichofuata kilikuwa kazi ya nchi nzima. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilikua ndani ya miezi michache hadi kupita 100,000, wakiwamo mgambo kwa makumi ya maelfu: wakulima, walimu, makarani, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Wananchi walichanga ng'ombe, nafaka na fedha. Na kwa sababu jeshi halikuwa na magari ya kutosha kubeba umati ule na chakula chake, malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa, pamoja na madereva wake.

Mzee wetu alikuwa na miaka 22. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, la kubebea pamba. Asubuhi moja walikuja watu wawili wenye karatasi, tajiri akaisoma, akaingia ndani, akatoka na funguo. Dereva akaambiwa apitie nyumbani achukue blanketi. Utingo wake hakuwa na pa kupitia. Alikuwa kijana wa miaka 17 aliyeokotwa stendi, analala juu ya mzigo, anakula anachokula dereva.

Msomaji ambaye hajawahi kusafiri kwa lori huenda hajui utingo ni nani. Yeye ndiye anayefunga turubai na kulifungua. Lori likikwama mlimani, ndiye anayeruka chini na kigogo kukiweka nyuma ya tairi kabla halijarudi nyuma. Ndiye anayelala chini ya gari kulinda mzigo, anayechota maji ya rejeta, anayekaza nati za tairi usiku kwa kupapasa. Dereva hushika usukani. Lori hushikwa na utingo.

Walivuka ziwa kwa kivuko, wakapita Geita, Biharamulo na Muleba hadi Bukoba, kisha Kyaka. Walibeba unga, maharage, mafuta ya taa, masanduku ya risasi. Mvua zilikuwa zimeanza. Mzee anasema safari ambayo mtu angetegemea siku mbili ilichukua sita, na zaidi ya nusu ya muda huo utingo alikuwa magotini kwenye tope, anachimba mbele ya tairi kwa sepetu.

Safari ya tatu ndipo homa ilipomshika yule kijana. Walikuwa Kyaka, foleni ya magari ni ndefu, wanasubiri zamu ya kuvuka. Tabibu wa kikosi alimpa dawa alizokuwa nazo. Siku ya tatu asubuhi hakuamka. Familia moja iliyokuwa imerudi kwenye shamba lake ng'ambo hii ya mto ilitoa sehemu kandokando ya migomba. Sanda haikuwapo. Mzee alipanda juu ya lori, akakata kipande cha turubai kwa kisu, wakamfunga nacho. Wanajeshi wanne walisaidia kuchimba. Mmoja, Mkristo, akasali. Mwingine, Mwislamu, akaomba dua, kwa kuwa hakuna aliyejua marehemu alikuwa wa dini gani. Baada ya saa moja foleni ikasogea, na dereva akawasha gari.

"Niliporudi Mwanza," mzee alinihadithia, "tajiri alilizunguka lori lake. Akaniuliza, turubai limekatwa na nani? Hakuuliza utingo yuko wapi."

Kisiwa kilichopigwa

Mwaka 1979 mimi nilikuwa na miaka tisa. Kwetu watoto wa Mwanza, vita vilikuwa sauti: malori ya usiku, meli zinazopakia askari bandarini, wanawake wanaoimba wakati wa kuwaaga. Mama alikuwa akishusha utambi wa kandili hadi chumba kibakie na mwanga wa kama moto wa sigara, anatuambia tulale.

Kisha mwishoni mwa Machi vita vikatufikia sisi wenyewe. Muammar Gaddafi wa Libya, aliyekuwa akimsaidia Amin kwa askari na silaha, alituma ndege kubwa ya kivita kuja kuupiga mji wetu. Ndege ilikosa shabaha. Mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, ambako kulikuwa na hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Watu wazima walishukuru Mungu. Sisi watoto tuliwalilia swala, maana ndio tuliokuwa tukipelekwa kuwatazama. Leo Saanane ni Hifadhi ya Taifa, wanafunzi wanavuka kwa mashua kwenda kuona pundamilia na pimbi, na sijawahi kusikia mtoto akiambiwa kwamba nchi yake iliwahi kupigwa hapo.

Aprili 11, 1979 Kampala ilitwaliwa, na mwanzoni mwa Juni askari wetu walifika mpaka wa Sudani. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina jipya, Kagera. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilifungwa kwa muda mrefu kuliko huo. Kizazi changu kilikua kikipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya kanga, ya betri za redio. Vita vilikuwa vimekula fedha za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na nchi maskini ilibeba peke yake sehemu kubwa ya gharama. Nawaambia wanangu: ile foleni nayo ilikuwa mchango. Mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu baada ya kusimama tangu alfajiri alikuwa akilipia daraja la Kyaka.

Babu ambaye sikumuuliza

Nina sababu yangu ya kumsikiliza mzee huyu kwa makini, nayo inaniuma. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya. Ndivyo wazee walivyoliita jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles. Alikwenda Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyumbani kwake palikuwa na kopo la bati lenye nishani mbili zilizopauka, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kuzichezea tukiwa wagonjwa tu.

Babu alifariki mwaka 1987 nikiwa kijana wa sekondari. Katika miaka yote ile nilimuuliza swali moja tu: kama aliwahi kuua mtu. Alinijibu kuwa kule kulikuwa na mvua nyingi. Nikadhani anakwepa. Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyosonga mbele katika bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za monsuni hadi mto Chindwin, ambako tope na malaria viliwaangusha wanaume wengi, kama zilivyofanya risasi za Wajapani. Babu alikuwa amenijibu kwa ukweli kabisa. Mimi ndiye sikujua swali la pili la kuuliza.

Kabla ya kizazi chake kulikuwa na wengine ambao hata nishani hawakuambulia. Jina la Kariakoo, soko ambalo kila Mtanzania analijua, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kilichokuwa na kambi yake pale Dar es Salaam. Wapagazi walibeba chakula na risasi za Waingereza kutoka pwani hadi bara, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Katikati ya jiji, penye Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, askari wa shaba anaelekeza bunduki yake mbele. Wapagazi wanatajwa katika maandishi yaliyo chini yake tu; kingine walichoachiwa ni jina la soko. Tunalitaja kila siku tukienda kununua vitenge na simu.

Nilipolifikiria hilo ndipo nikaelewa kwa nini habari ya utingo ilinikosesha usingizi. Waswahili wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Katika kila vita yupo anayebeba mzigo, na siku ya kugawana sifa yeye hayupo.

Kaunta buku la mtaa

Nililipeleka jambo hili kwenye kijiwe chetu cha kahawa, mahali ambapo asubuhi wazee husoma vichwa vya habari vya magazeti na kubishana kuhusu bei ya mafuta, mpira na kazi ya madiwani. Nikapendekeza tuwaandike mashujaa wote wa mtaa wetu, walio hai na waliokufa. Mwenyekiti wa mtaa alikubali palepale. Mtu mmoja akanunua kaunta buku la kurasa mia mbili, mwingine akatoa kalamu mbili, na binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita akakubali kuwa mwandishi, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.

Ubishi ulianza ukurasa wa kwanza. Shujaa ni nani?

Mstaafu mmoja wa JWTZ, mtu wa heshima anayetembea bado kwa hatua za gwaride, alisema daftari liwe la waliovaa sare na kula kiapo. Alikuwa na hoja. Aliyekula kiapo amekubali kufa, na hilo si jambo la kuchanganya na mengine. Mama muuza samaki, ambaye kwa kawaida hupita tu kijiweni, aliweka beseni lake chini. Yeye ni mzaliwa wa Missenyi, kule mpakani. Mwaka 1978 alikuwa na miaka kumi na moja, na usiku mmoja alitembea na mdogo wake mgongoni hadi mtoni, akavushwa kwa mtumbwi, akaishi kama mkimbizi katika nchi yake mwenyewe hadi mwaka uliofuata. Baba yao hakuvuka.

"Sijaomba kuandikwa," alisema. "Ila mkiandika vita, msiandike kama vile vilipiganwa porini pasipo na watu."

Kijiwe kilinyamaza. Mstaafu yule wa jeshi ndiye aliyezungumza kwanza. Akasema, "Mwandike mama, na baba yake."

Tangu siku ile daftari lina sehemu tatu: waliobeba silaha, waliobeba mizigo, waliobeba maumivu. Hadi leo lina majina 23. Wamo mgambo wanne. Wawili kati yao walirudi kulima mara tu vita vilipokwisha, hawana karatasi hata moja ya kuthibitisha walikokwenda, na ushahidi wao ni makovu na majina ya wenzao wanayoyakumbuka kwa mpangilio wa mstari. Yumo mama aliyekuwa muuguzi. Yumo kijana wa miaka thelathini na tisa aliyehudumu katika kikosi cha kulinda amani Darfur, ambaye mkewe pekee ndiye aliyekuwa akijua kwa nini hapendi fataki za mwaka mpya.

Kuandikwa kwa kijana huyo kulitufundisha kitu. Tulizoea kudhani shujaa wa vita lazima awe na mvi. Kumbe askari wetu wako Lebanoni, wako Jamhuri ya Afrika ya Kati, wako Kongo, na Desemba 7, 2017 pale Semuliki, Kivu Kaskazini, Tanzania ilipoteza walinzi wa amani zaidi ya kumi kwa usiku mmoja. Wazazi wa vijana wale wanaishi katika mitaa kama huu wetu. Wanakwenda sokoni, wanahudhuria harusi, wanasalimiwa. Jirani wengine hawajui hata jinsi ya kuanza kuwapa pole.

Kaboya, kisha Kyaka

Agosti mwaka jana nilimchukua mzee dereva tukasafiri kuelekea Kagera. Tulipita juu ya Daraja la Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji. Aliomba tupunguze mwendo. Aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha na kutazama chini kwa muda wote, na tulipofika ng'ambo akasema, "Dakika tatu. Sisi tulilala hapa siku mbili tukisubiri kivuko." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekagua kazi aliyoianza, akakuta wanawe wameimaliza vizuri.

Kaboya iko wilaya ya Muleba. Ndiko yaliko makaburi ya mashujaa wa vita vile, safu kwa safu, yamenyooka kama kikosi kilichosimama mguu sawa. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa yalifanyika hapo. Siku tuliyofika sisi palikuwa kimya, nyasi zimekatwa vizuri. Mzee alivua kofia. Alitembea safu ya kwanza hadi mwisho akisoma kila jina kwa sauti ya chini, akageuka, akaanza safu ya pili. Nilitaka kumwambia kwamba anayemtafuta hawezi kuwa hapa, kwa kuwa hapa wamelala wanajeshi. Nikajizuia. Katika safu ya nne alisimama, akafuta vumbi kwa kiganja kwenye kaburi la mtu asiyemjua, akasoma umri wake na kutikisa kichwa.

"Rika lile lile," alisema.

Kutoka hapo tulikwenda hadi Kyaka. Aliutambua mto, akautambua mteremko. Shamba hakulitambua. Migomba huzaa migomba, na miaka arobaini na saba imepita. Nyumba zimejengwa, barabara imepanuliwa. Tuliuliza kwa wenyeji wawili. Bibi mmoja mkongwe alitukaribisha kwa heshima ya Kihaya, akatupa vigoda na punje za kahawa za kutafuna, akasema wakati wa vita walizikwa watu wengi kando ya njia, na kila mwenye shamba alijua wake. Waliojua walikwisha kufa. Mzee alimshukuru. Kabla ya kuondoka alichukua kokoto moja barabarani, akaifunga kwenye leso.

Jioni ile, hotelini Bukoba, tulizungumza juu ya Jenerali David Musuguri, aliyefariki Oktoba 29, 2024 akiwa na miaka 104. Mzaliwa wa Butiama huyu aliingia Keya mwaka 1942, akapelekwa Madagaska, na miaka zaidi ya thelathini baadaye akaongoza majeshi yetu kuelekea Kampala. Kisha akawa Mkuu wa Majeshi hadi 1988. Katika mwili mmoja alikutanisha vita vya babu yangu na vita vya mzee dereva. Mzee anakumbuka kumwona mara moja tu, kando ya barabara, akiwapungia mkono wenye malori.

"Alitupungia sisi," alirudia. "Madereva na matingo."

Mkuki, sime na shoka

Msomaji akifuatilia maadhimisho ya Dodoma ataona mpangilio usiobadilika. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wanajeshi wastaafu huweka shoka. Viongozi wa dini huomba dua na sala. Nilikuwa nikiziona zana hizi kama mapambo ya sherehe. Mzee dereva ndiye aliyenifumbua macho.

"Angalia vizuri," alisema. "Mkuki, sime, upinde, shoka. Hakuna bunduki hapo. Vyote ni vya nyumbani. Shoka unalo wewe, ninalo mimi. Aliyepanga hivyo alitaka tujue kuwa nchi ililindwa na watu wa kawaida waliotoka majumbani kwao."

Sijui kama ndivyo waasisi wa desturi hiyo walivyokusudia. Najua kwamba tangu aliponiambia, siwezi kuitazama kwa jicho jingine.

Taifa limefanya sehemu yake: lina siku, lina mnara, lina Kaboya, lina makaburi ya Naliendele kule Mtwara kwa ajili ya waliokufa Msumbiji. Inafaa lifanye zaidi, hasa kwa mgambo ambao karatasi zao zilipotea na afya zao zimekwisha. Halmashauri zetu zina maofisa wa ustawi wa jamii, na wazee hawa wanastahili kutafutwa nyumba kwa nyumba kabla hawajaingia kwenye foleni ya kuthibitisha kwamba ni maskini. Hilo ni deni, na deni la mzee halisubiri bajeti tatu.

Lakini ipo kazi ambayo hakuna wizara inayoweza kutufanyia. Wizara haiwezi kujua kwamba mzee wa nyumba ya pembeni aliendesha lori kwenye tope kwa siku sita, au kwamba muuza samaki alimvusha mdogo wake mto Kagera usiku. Hayo tunayajua sisi tunaochangia misiba yao na kuazimana chumvi. Mdogo kabisa kati ya waliopigana Kagera sasa anakaribia miaka sabini. Kila wiki katika nchi hii tunashusha kaburini kumbukumbu ambazo hazijaandikwa popote, kisha tunarudi kula pilau ya msiba na kuzungumzia mambo mengine. Mimi nilifanya hivyo kwa babu yangu. Sitaki msomaji afanye hivyo kwa wake.

Kaunta buku haligharimu fedha nyingi. Kwenye mtaa wako yupo binti mwenye mwandiko mzuri. Wazee wapo barazani jioni, na wengi hawajawahi kuulizwa swali la pili. Usianze na kuua. Anza na ulikula nini, ulilala wapi, nani alikuwa karibu yako. Ukiuliza nani alikuwa karibu yako, majina yatakuja.

Siku tulipofika kwenye ukurasa wa mzee dereva, alimzuia mwandishi. Alisema hataandikwa kabla ya utingo wake. Tukakubali. Binti akaandika jina la kwanza la yule kijana kwa herufi kubwa. Sitalitaja gazetini, maana huenda ndugu zake wapo na wana haki ya kulisikia kutoka kwetu kwanza. Chini yake akaandika: utingo, miaka 17, alifariki Kyaka mwishoni mwa mwaka 1978, alizikwa kwa turubai la lori.

Kisha binti akainua kalamu, akauliza jina la baba yake.

Mzee alifikiri kwa muda mrefu, huku anaigeuza ile kokoto ya Kyaka kwenye kiganja. "Sikumuuliza," alisema. "Tulikuwa pamoja miezi minane. Sikumuuliza."

Nafasi ya jina la baba tumeiacha wazi. Kama kuna familia iliyowahi kuwa na kijana aliyetoka nyumbani kwenda kutafuta kazi stendi ya Mwanza kabla ya vita na hakurudi, daftari liko kwa mwenyekiti wa mtaa wetu, na kalamu iko ndani yake.